Je, jina langu la .eu litabaki langu nikihamia Leicester?

SWALI: Mimi ni Mtanzania mzaliwa wa Tanga, ninayeishi Rotterdam kwa kibali cha ukaazi. Nina biashara ndogo ya viungo na kanga, na wateja wananipata kupitia tovuti yenye jina la kikoa linaloishia na .eu. Mume wangu alizaliwa Mombasa na sasa ni raia wa Uholanzi. Tunajiandaa kuhamia Leicester kwa ndugu zake. Wifi yangu, ambaye naye ana pasipoti ya Uholanzi, amekaa huko siku nyingi. Alikuwa na jina la .eu likazimwa Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, na leo linatumiwa na watu asiowajua. Je, na mimi nitanyang'anywa jina langu ilhali nalilipia kila mwaka? Wifi anaweza kulipata tena lake? Na je, ningechukua .com au .co.tz tangu mwanzo, ningekuwa nimeepukana na mambo haya ya siasa? (M.S., Rotterdam)

JIBU: Bi. M.S., nitangulize jibu lenyewe, maelezo yafuate. Siku utakapoacha kuwa mkazi wa Uholanzi bila kuwa raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, sifa yako binafsi ya kushikilia jina la .eu itakuwa imekwisha, hata kama ada umeilipa hadi mwaka ujao na hata kama hakuna aliyewahi kukulalamikia. Jina lenyewe, hata hivyo, si lazima lipotee, kwa kuwa nyumbani kwako yumo mtu ambaye sheria inamruhusu kulishikilia akiwa popote duniani, na kwa kuwa unauliza kabla ya kufunga mizigo. Wengi walioniletea swali la aina hii waliuliza baada ya barua pepe zao kukatika.

Kikoa cha .eu kilianzishwa kwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 733 ya mwaka 2002, na usajili ukafunguliwa kwa watu wote tarehe 7 Aprili 2006, baada ya wenye alama za biashara na haki nyingine za majina kupewa nafasi ya kutangulia tangu Desemba 2005. Daftari lake kuu linatunzwa na EURid, shirika lisilo la faida lenye makao yake Diegem, nje kidogo ya Brussels. Kanuni ile ya 2002 iliwataja wenye sifa kwa makundi: kampuni ambayo ofisi yake iliyosajiliwa, utawala wake mkuu au mahali pake pakuu pa shughuli pako ndani ya Umoja, asasi iliyoanzishwa humo, na mtu binafsi ambaye ni mkazi wa humo. Uraia haukutajwa kabisa. Ndiyo sababu wewe, mwenye pasipoti ya Tanzania, uliweza kusajili kwa kibali chako cha ukaazi pasipo kuulizwa swali lolote, na ndiyo sababu, kwa sheria ya wakati ule, Mholanzi aliyehamia Dar es Salaam hakuwa na sifa ingawa alizaliwa na kukulia Utrecht.

Mambo yalibadilika tarehe 19 Oktoba 2019, pale kifungu cha ustahiki katika Kanuni mpya, namba 517 ya mwaka 2019, kilipoanza kutumika. Tangu hapo raia wa nchi yoyote mwanachama anastahili jina la .eu popote anapoishi, awe Leicester, Muscat au Arusha, na asiye raia anastahili kwa sharti kwamba awe mkazi wa nchi mwanachama. Kampuni na asasi zimebaki na masharti ya kuwa zimeanzishwa ndani ya Umoja. Wewe umesimama juu ya ukaazi peke yake, mumeo amesimama juu ya uraia, na tofauti hiyo moja ndiyo itakayoamua karibu kila kitu katika jibu hili.

Jambo ambalo watu wengi hawalitambui ni kwamba sifa hiyo haipimwi siku ya kusajili tu. Usajili wa .eu unafanana na uanachama wa chama cha ushirika kuliko hati ya kiwanja: unakuwa mwanachama kwa muda wote unaotimiza masharti, na masharti yakikutoka, michango uliyokwisha kulipa haikupi haki ya kubaki. Ada ya mwaka inalipia huduma ya kuwekwa kwenye daftari. Haimnunulii mtu sifa ambayo hana. Na kwa kuwa masharti yenyewe yamo katika sheria, yanaweza kukutoka kwa njia mbili, ama wewe uhame kutoka katika eneo, ama eneo lenyewe likuhame wewe ukiwa umekaa kitini. Wifi yako alikumbwa na hii ya pili.

Ni vizuri ujue ilivyokuwa, maana kisa cha Uingereza ndicho kipimo tulicho nacho cha jinsi sheria hii inavyotekelezwa inapouma. Wapiga kura waliamua kujitoa tarehe 23 Juni 2016, na kwa karibu miaka miwili hakuna aliyejishughulisha sana na majina ya vikoa. Kisha, tarehe 28 Machi 2018, Tume ya Ulaya ilitoa tangazo kwamba tangu siku ya kujitoa, watu na kampuni walioko Uingereza hawataweza kusajili majina mapya ya .eu wala kuhuisha yale waliyo nayo, na kwamba rajisi, yaani EURid yenye kutunza daftari, itaweza kuyafuta kwa hiari yake. Wakati huo majina yaliyosajiliwa kwa anwani za Uingereza yalizidi 300,000. Wanaofanya kazi katika sekta hii walishtuka, kwa sababu desturi iliyozoeleka ilikuwa kwamba masharti mapya huwabana wanaokuja, na waliotangulia huachwa na majina yao. Tume haikufuata desturi hiyo. Mimi naona ilikuwa ndani ya maandishi ya sheria, lakini kuwapa waliotangulia fursa ya kubaki na majina yao kusingeidhuru Ulaya kitu.

Kilichowaumiza zaidi watu wa kawaida kilikuwa kalenda. Siku ya kujitoa ilipangwa kuwa 29 Machi 2019, ikasogezwa hadi 12 Aprili, ikasogezwa tena hadi 31 Oktoba, na hatimaye ikawa 31 Januari 2020. Na hata baada ya hapo kukawa na kipindi cha mpito hadi 31 Desemba 2020 ambapo sheria za Umoja ziliendelea kutumika kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila tarehe iliposogea, EURid ililazimika kuandika upya mpango wake na mawakala wa usajili, yaani kampuni zinazowauzia watu majina, wakatuma upya maonyo kwa wateja. Mwenye duka aliyepokea onyo la kwanza akaona siku imepita na tovuti yake ingali hewani, akapokea la pili na mambo yakawa yaleyale, hakuwa na sababu kubwa ya kulifungua la tatu. Yako maonyo mengine yaliyokwenda kwenye anwani za barua pepe zilizokwisha kufa, au kwa fundi aliyetengeneza tovuti na ambaye hakuwa akiwasiliana tena na mteja wake.

Tarehe 1 Januari 2021 majina zaidi ya 80,000 yalisitishwa kwa mpigo. Kusitishwa maana yake ni kwamba jina linabaki limeandikwa daftarini kwa mwenyewe, lakini tovuti haifunguki na barua pepe hazifiki. Katika mwaka huo wa 2021 mwenye jina aliweza kurekebisha taarifa zake na kuonyesha kwamba bado anastahili, ama kwa anwani ndani ya Umoja ama kwa uraia. Ambaye hakufanya hivyo, jina lake lilifutwa, na kuanzia Januari 2022 majina hayo yaliachiwa kwa mafungu, ayachukue yeyote mwenye sifa aliyewahi. Hata kundi la Leave.EU, lililopiga kampeni ya nchi kujitoa, lilijikuta limejenga jina lake juu ya kikoa ambacho ushindi wake mwenyewe ulikuwa unakifunga, likahamishia usajili wake Waterford, katika Jamhuri ya Ireland.

Angalia jinsi mstari ulivyopita. Katika mtaa mmoja wa Leicester, Mpolandi alibaki na jina lake kwa pasipoti yake, na jirani yake Mwingereza akapoteza lake, pamoja na Mtanzania aliyekuwa mkazi halali wa mji huohuo. Mwingereza aliyehamia Hispania na kupata ukaazi alibaki nalo. Ireland ya Kaskazini, ambayo kwa biashara ya bidhaa ilipewa utaratibu wake wa pekee, haikupewa chochote kwa upande wa .eu, ila wakazi wake wenye uraia wa Ireland waliokolewa na uraia huo. Mstari huo umewahi pia kuelekea upande wa heri: wakazi wa Kroatia walipata sifa siku nchi yao ilipojiunga, tarehe 1 Julai 2013, na wa Norwei, Iceland na Liechtenstein wakaingizwa Januari 2014 kupitia Eneo la Uchumi la Ulaya. Mkazi wa Uswisi asiye na uraia wa Umoja, pamoja na kuzungukwa na Umoja huo pande karibu zote, bado yuko nje.

Sasa turudi kwako. Kabla ya kuamua lolote, ingia katika akaunti yako kwa wakala wako wa usajili ufungue ukurasa wa taarifa za mwenye jina, usome kila sehemu. Yako mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni jina la nani limeandikwa, kwa sababu si mara moja nimekuta jina ambalo mfanyabiashara analiita lake limesajiliwa kwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti. La pili ni sehemu ya jina la kampuni au asasi. Katika .eu sehemu hiyo ikiwa tupu, mwenye jina kisheria ni mtu aliyeandikwa; ikijazwa, mwenye jina ni kampuni hiyo, na mtu aliyeandikwa anahesabiwa kuwa mwakilishi wake tu. Watu huijaza kwa kudhani ni pambo, wakaandika jina la duka ambalo halijasajiliwa popote. La tatu ni nchi ya anwani na nchi ya uraia, ambazo ni sehemu mbili tofauti. Kwako nchi ya anwani itasomeka Uholanzi, na uraia wa Umoja hutakuwa nao, kwa hiyo Uholanzi ikitoka kwenye anwani hakuna kinachobaki.

Ikiwa biashara yako ni ya mtu mmoja, iliyoandikishwa kwa jina lako katika daftari la biashara la Uholanzi, jua kwamba sheria ya huko haiitenganishi na wewe. Ukihama ukaifunga, imekwisha. Ukihama ukaiacha Rotterdam na ghala, mtu wa kufunga oda na hesabu zake za kodi, unaweza kujenga hoja kwamba bado kuna biashara iliyoanzishwa ndani ya Umoja. Ukiiacha kama anwani tu kwa rafiki, hoja hiyo nisingeitegemea. Kampuni yenye dhima ya ukomo ni habari nyingine. Hiyo ni mtu wa kisheria, ofisi yake iliyosajiliwa iko Uholanzi, na mradi iko hai inastahili jina la .eu hata kama mwenye hisa zote anaishi Leicester. Lakini kufungua kampuni, kwa gharama za mthibitishaji wa hati na mahesabu ya kila mwaka, kwa ajili ya kulinda jina la tovuti peke yake ni kuuza ng'ombe kununua kamba. Ifungue tu ikiwa biashara yenyewe inaihitaji.

Njia iliyo nyepesi kwako ni kumhamishia jina mumeo. Yeye ni raia wa Uholanzi, na kwa Kanuni ya 2019 atastahili akiwa Leicester kama anavyostahili akiwa Rotterdam. Uhamisho unafanywa kupitia wakala wa usajili: wewe unaomba msimbo wa kuhamishia, yeye anakubali masharti kwa jina lake, anaandika uraia wake, na taarifa zinabadilika. Fanya hivyo ukiwa bado mkazi wa Uholanzi, wakati pande zote mbili zinastahili na hakuna wa kuuliza jambo. Kungoja hadi jina lisitishwe ndipo uanze kulihamisha ni kujitafutia barua nyingi za maelezo. Na usilichukulie jambo hili kuwa ni la karatasi tu. Kuanzia siku hiyo, mbele ya EURid, jina ni la mumeo na wewe huna lako. Katika familia zetu za pwani tumezoea kwamba mali ya mke ni ya mke, na hakuna ubaya kuliandika hilo: hati fupi, yenye saini zenu na tarehe, ikieleza kwamba analishikilia kwa ajili ya biashara yako, kwamba hataliuza wala kulielekeza kwingine bila idhini yako, na kwamba yakitokea ya kutokea, kwa talaka au kwa kifo, jina litahamishiwa kwa mtu mwenye sifa utakayemtaja. Hati hiyo haitaibana rajisi, lakini itambana mumeo na warithi wake.

Utakutana pia na mawakala wanaouza huduma ya kukushikilia jina kwa anwani yao ya Ulaya. Kwa maoni yangu huduma hiyo ni mbaya kuliko kukosa jina, kwa sababu unayemlipa ndiye anayekuwa mwenye jina, na ukigombana naye au akifilisika, huna pa kusimama. Vivyo hivyo nisingekushauri uache anwani ya Rotterdam daftarini ilhali umehama. Ni kweli kwamba hakuna askari wa EURid anayehesabu masanduku yako bandarini, na majina mengine huendelea hivyo kwa muda mrefu. Lakini mwenye jina anawajibika kwa mkataba kusahihisha taarifa zake zinapobadilika, rajisi hufanya uhakiki na huweza kudai uthibitisho, na mshindani wako wa kibiashara akitaka kukusumbua hahitaji zaidi ya kuonyesha kwamba hukai unakosema unakaa.

Kuna watakaokuambia uchukue uraia wa Uholanzi. Hilo ni zito kuliko .eu, na sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki Mtanzania baada ya kujipatia kwa hiari uraia wa nchi nyingine. Wasomaji wa Kenya wana nafasi pana zaidi, kwani Katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na Mkenya mwenye pasipoti ya nchi ya Umoja yuko katika hali ya mumeo kwa jambo hili. Iwapo una sababu nyingine za kufikiria uraia, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Kwa ajili ya jina la kikoa peke yake, hapana.

Kuhusu .com na .co.tz, swali lako ni la haki lakini lina mambo mawili ndani yake. Kikoa cha .com hakina sharti la ukaazi wala uraia, kwa hiyo kuhama kwako kusingeligusa jina. Hata hivyo kinaendeshwa na Verisign, kampuni ya Marekani iliyoko Virginia, na kiko chini ya mahakama na vikwazo vya nchi hiyo. Kwa muuza kanga jambo hili halina uzito mkubwa, ila lisisemwe kwamba halina siasa. Vikoa vya nchi, kama .tz, vinategemea jambo jingine kabisa, nalo ni uhai wa herufi mbili zenyewe. Herufi hizo hutoka katika orodha ya kimataifa ya herufi za nchi, ISO 3166, na waraka wa mwaka 1994 unaoongoza vikoa vya juu, uliotayarishwa na Jon Postel, aliyesimamia ugawaji wa vikoa wakati huo, unasema wazi kwamba wagawaji wa vikoa hawamo katika kazi ya kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Orodha ikibadilika, kikoa hufuata, ingawa kwa kuchelewa.

Jirani zetu wa Kongo wanalijua hilo. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, herufi za ZR ziliondoka na CD zikaingia, na kikoa cha .zr kikafutwa mwaka 2001. Yugoslavia ilichukua muda zaidi: Serbia na Montenegro zilipata .rs na .me mwaka 2007, na .yu ikazimwa mwisho wa Machi 2010. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, ikapewa herufi zake mwaka huohuo, lakini .ss iliingizwa katika mfumo mwaka 2019. Na Muungano wa Kisovieti ulikufa mwishoni mwa 1991, ilhali .su, iliyogawiwa mwaka mmoja kabla, iliendelea kusajili majina miaka mingi baada ya dola lenyewe kuwa historia. Zamani hapakuwa na utaratibu mmoja wa kustaafisha kikoa. Tangu 2022 ICANN, shirika linaloratibu vikoa vya dunia nzima, imepitisha sera inayotoa miaka mitano tangu herufi zinapoondolewa katika orodha, muda unaoweza kuongezwa hadi kumi. Ndiyo sababu siwahimizi wenye majina ya .io kukimbia, pamoja na mkataba uliosainiwa tarehe 22 Mei 2025 kati ya Uingereza na Mauritius juu ya Visiwa vya Chagos, ambavyo ndivyo vyenye herufi hizo. Kikoa kinapokufa, wote waliomo hupewa muda mrefu na kuondoka pamoja. Sheria ya ustahiki inapobadilika, kikoa kinabaki kizima, mwenye jina ndiye anayetolewa, na jina lake anapewa mwingine.

Hapo kwenye kupewa mwingine ndipo penye hatari ambayo sikuona ukiitaja. Atakayelichukua jina lako baada yako atapokea kila barua pepe itakayoendelea kutumwa kwenye anwani zake za zamani. Akienda benki yako mtandaoni, au kwa wakala wa usafirishaji, au kwenye ukurasa wako wa Facebook, akabonyeza kwamba amesahau nenosiri, kiungo cha kubadilisha kitamfikia yeye. Kwa hiyo, hata ukimhamishia mumeo jina na mambo yakaenda vizuri, ninakusihi ufungue mapema anwani nyingine ya barua pepe isiyotegemea .eu, na uiweke kwenye akaunti za benki, za kodi, za malipo, na kwanza kabisa kwenye akaunti ya wakala wa usajili mwenyewe, kwa sababu jina likisitishwa ndilo lilelile linalobeba barua ya kukuarifu kwamba limesitishwa. Sajili pia .co.uk au .com yenye jina lilelile kama bado iko huru, uielekeze kwenye tovuti ileile, na uanze kuichapisha kwenye mifuko na risiti kabla ya kuhama, ili wateja wazoee majina yote mawili yakiwa hewani. Jina la zamani usiliache likaisha muda kwa uzembe. Bei ya kulihuisha kwa miaka michache baada ya kuacha kulitumia ni ndogo mno ukiilinganisha na mgeni kuketi katika sanduku lako la barua.

Nimalizie na wifi yako, ambaye kisa chake kinasikitisha kuliko chako kwa sababu hakupaswa kupoteza chochote. Akiwa raia wa Uholanzi, tangu Oktoba 2019 alistahili .eu akiwa palepale Leicester. Alichotakiwa kufanya ni kuingia kwenye akaunti yake na kuandika uraia wake kabla ya jina kufutwa. Rajisi haikuwa na njia ya kujua pasipoti za watu. Iliona anwani ya Uingereza na sehemu ya uraia iliyo tupu, ikasitisha.

Kulirudisha sasa kunategemea nani analo. Alitafute kwanza kwenye ukurasa wa EURid wa kuulizia majina, ambako kwa kampuni huonekana jina lake na kwa mtu binafsi huonekana anwani ya barua pepe. Ikiwa liko mikononi mwa mtu, upo utaratibu wa usuluhishi nje ya mahakama, unaoendeshwa na Mahakama ya Usuluhishi ya Cheki iliyoko Prague, na tangu 2017 pia na Shirika la Miliki Bunifu Duniani, Geneva. Mlalamikaji hana budi kuonyesha kwamba jina linafanana na jina ambalo ana haki nalo inayotambuliwa na sheria ya Umoja au ya nchi mwanachama, kisha kwamba aliyelichukua hana haki wala maslahi halali, au kwamba amelisajili au kulitumia kwa nia mbaya. Alama ya biashara iliyosajiliwa Uingereza peke yake haitoshi tena kwa sharti la kwanza, na mazoea ya wateja wa Leicester hayatoshi pia. Ikiwa aliuza Uholanzi kwa jina hilo la biashara na ana ankara za kuthibitisha, hoja yake inaanza kupata miguu, kwa kuwa sheria ya huko inalinda majina ya biashara yanayotumika. Pasipoti yake ingemsaidia mwishoni, maana mlalamikaji anayestahili .eu huweza kukabidhiwa jina lenyewe, wakati asiyestahili huishia kuona jina likifutwa tu. Bado simpi matumaini makubwa: mtu aliyechukua jina lililoachiwa huru kwa utaratibu wa wazi si rahisi kumwita mwenye nia mbaya. Kumwandikia na kumuuliza bei huenda kukamgharimu wifi fedha kidogo kuliko shauri.

Na ikiwa atakuta jina liko huru, maana wengi waliojichukulia majina hayo hawayahuishi wakiona hayana faida, alisajili siku hiyohiyo kwa jina lake mwenyewe, sehemu ya kampuni aiache tupu, kwenye anwani aandike Leicester, Uingereza, na kwenye uraia achague Uholanzi. Wakala anayekataa mchanganyiko huo anatumia fomu ya zamani; wifi amwache, atafute wakala mwingine.